Cheti Ukutani Siyo Leseni: Safari ya Kuwa Mfiziotherapia

Mdogo wangu alinipigia simu usiku, wiki ya test, ananong'ona kama mtu aliyejificha.

"Dada, nimepata chuo."

Nilifurahi. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, PCB, na matokeo yake yalikuwa ya kawaida tu. Tangu yatoke alikuwa kimya, anashinda shambani kwenye viazi na baba, hataki hata kuulizwa. Nikamuuliza ni chuo gani. Akanitajia jina ambalo sijawahi kulisikia, kipo kwenye mji mmoja ulio barabara kuu. Kozi ni "fiziotherapia na masaji", miezi sita, ada laki saba, nusu inalipwa kwanza.

"Na ukimaliza, dada, unapewa leseni hapohapo. Unaweza kufungua ofisi."

Mimi nasoma ualimu. Mambo ya hospitali nayajua kama mgonjwa anavyoyajua. Lakini neno "hapohapo" lilinitia shaka, maana hapa chuoni hata kupata barua ya utambulisho ya field ni siku tatu. Nikamwambia asilipe hata shilingi mpaka nimpigie tena. Makala hii inatokana na yale niliyoyatafuta siku zilizofuata. Naiandika kwa sababu najua wengi wetu tuna mdogo, binamu au rafiki aliyeko nyumbani, mwenye hamu ya kusoma na asiye na mtu wa kumuuliza.

Kwa nini fiziotherapia

Kwetu ni Makete, mkoa wa Njombe, upande wa Ikonda. Asiyepajua afikirie milima, ukungu, baridi ya kuvaa koti mwezi wa saba mchana, viazi, na malori ya mbao. Pia tuna Hospitali ya Consolata Ikonda, iliyojengwa na Wamisionari wa Consolata miaka ya 1960. Ukipanda gari Makambako au Njombe mjini kuja kwetu, huwezi kukosa mtu mwenye bahasha ya picha ya eksrei. Watu wanatoka Mbeya, Iringa, Ruvuma na mbali zaidi kuja kutibiwa kule juu milimani.

Mwaka juzi bibi yetu alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukafa, mkono ukawa unaning'inia. Alilazwa Ikonda, na ndipo mimi na mdogo wangu tulipoona kwa mara ya kwanza kazi ya fiziotherapia. Mtu anakuja kitandani, wala hana sindano wala dawa. Anamgeuza bibi, anamkalisha, anamfundisha kusimama, anatuelekeza sisi jinsi ya kumweka mto chini ya mkono. Siku bibi alipopiga hatua nne akishikilia fremu, mdogo wangu alilia. Tangu siku hiyo akasema hiyo ndiyo kazi yake.

Baada ya kuruhusiwa, kurudi kliniki kila wiki kulitushinda. Nauli, mvua, na mtu wa kumbeba. Mjomba akasema kuna "daktari wa viungo" mjini anayefuata wagonjwa nyumbani. Akaja, koti jeupe, begi, na kadi yenye picha. Akamkanda bibi mafuta, kisha akaushika ule mkono uliopooza, akauvuta kwa nguvu "ili mishipa iamke". Bibi alipiga kelele. Yule jamaa akasema maumivu ni dalili nzuri. Alikuja mara tatu.

Tuliporudi kliniki, swali la kwanza lilikuwa: "Nani amemvuta mkono huyu bibi?"

Tukaelezwa pale. Bega ni kiungo kinachoshikiliwa hasa na misuli. Kiharusi kinapoilegeza misuli ile, mfupa wa mkono unabaki umening'inia tu kwenye tundu lake. Ukivuta, unauchomoa kidogo kutoka mahali pake na kuumiza nyama zinazouzunguka. Ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi hanyanyuliwi kwa kuvutwa mkono, hata na mjukuu wake anayempenda. Mfiziotherapia anafundishwa hilo mapema. Yule jamaa hakufundishwa, au hakujali.

Sasa fikiria: mdogo wangu, aliyetaka kazi hii kwa sababu ya bibi, alikuwa anakaribia kulipa laki saba ili awe kama yule jamaa. Naye angevaa koti jeupe na kuvuta mikono ya bibi za watu, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Hatua ya kwanza: chuo kinachotambulika

Fiziotherapia ni taaluma ya afya inayotumia mazoezi, mikono, maji, joto, umeme mdogo na mafunzo kwa mgonjwa ili mwili urudi kufanya kazi au usizidi kupoteza uwezo. Anayehudumiwa anaweza kuwa mtu aliyevunjika paja kwenye ajali ya bodaboda, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mama mwenye maumivu ya mgongo, mgonjwa wa mapafu anayeshindwa kukohoa makohozi, au mtu aliyekatwa mguu anayejiandaa kuvaa wa bandia. Masaji ni kipande kidogo tu cha kazi hiyo. Kwa hiyo kozi inayoweka "fiziotherapia na masaji" ndani ya miezi sita tayari inakuambia kitu.

Kwa Tanzania Bara kuna milango miwili. Wa kwanza ni stashahada, miaka mitatu, katika chuo chenye ithibati ya NACTVET. Wa pili ni shahada, miaka minne, katika chuo kikuu kinachotambuliwa na TCU. Milango yote inadai sayansi: Baiolojia, Kemia na Fizikia. Kwa stashahada unaangaliwa ufaulu wa kidato cha nne, na kwa shahada zinaangaliwa prinsipo zako za kidato cha sita katika masomo hayohayo, ingawa mwenye stashahada pia anaweza kuendelea na shahada akitimiza vigezo. Shule ya fiziotherapia ya KCMC, Moshi, ilianza miaka ya 1970 na kwa muda mrefu ndiyo iliyobeba taaluma hii nchini. Leo shahada inatolewa Moshi, na pia Muhimbili, Dar es Salaam.

Kila mwaka TCU na NACTVET hutoa vitabu vya mwongozo wa udahili, na vinapatikana bure mtandaoni. Kozi na chuo vyote viwili lazima viwemo. Nasema vyote viwili kwa makusudi, kwa sababu kuna vyuo vyenye usajili wa kozi fulani ambavyo vinatangaza na kozi nyingine zisizo na kibali. Ukiona chuo kinasema "tuko kwenye mchakato wa kusajiliwa", subiri mchakato uishe ndipo upeleke hela.

Nilitafuta jina la kile chuo cha mdogo wangu kwenye miongozo yote miwili. Halikuwemo.

Hatua ya pili: wodi na mwaka wa mazoezi

Rafiki yangu wa sekondari, tuliyelala naye kitanda cha juu na chini, anasomea fiziotherapia. Nilimpigia. Akacheka kidogo niliposema miezi sita. "Anatomia peke yake ilikaribia kunidisko," akasema.

Wanasoma mifupa, misuli na neva kwa majina, halafu jinsi mwili unavyofanya kazi, magonjwa, na namna ya kumpima mgonjwa kabla ya kumgusa. Kisha wodini: mifupa, watoto, mishipa ya fahamu, wagonjwa mahututi. Na akimaliza shahada, bado hajawa huru. Kuna mafunzo ya vitendo ya mwaka mmoja, internship, katika hospitali iliyoruhusiwa kuyatoa. Mhitimu anafanya kazi chini ya macho ya mtu aliye na leseni, anazunguka idara, na mwisho wanathibitisha kwa maandishi kwamba anaweza kuachiwa mgonjwa.

Kwetu sisi wa ualimu hiyo ni kama BTP, ila ndefu zaidi. Ukikosea kugawa ubao, wanafunzi watakucheka, kesho unarudia. Mwenzako akikosea kumsimamisha mgonjwa mwenye mshono wa nyonga, hiyo kesho anaweza asiipate.

Hatua ya tatu: usajili, kisha leseni

Hapa ndipo wengi tunachanganya mambo, hata mimi nilichanganya. Chuo hakitoi leseni ya kutibu. Chuo kinatoa cheti. Leseni inatolewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo kifupi chake ni MCT, chini ya Sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Sheria iliyotangulia, hata jina lake, ilitaja madaktari na madaktari wa meno tu. Hii ya 2017 ndiyo iliyopanua nyumba.

Mhitimu anapeleka maombi yake Barazani akiwa na vyeti vya sekondari, cheti na matokeo ya chuo, uthibitisho wa mafunzo ya vitendo, kitambulisho, na ada. Baraza linahakiki, na lina mamlaka ya kumpima mwombaji. Aliyesoma nje ya nchi ana mlima mwingine: shahada yake itambuliwe kwanza na TCU, halafu aonyeshe kwamba anaumudu mfumo wa hapa. Anayekidhi vigezo jina lake linaingia kwenye daftari la wataalamu. Huo ndio usajili.

Leseni ni kitu kingine. Acha nitumie mfano wa hapahapa chuoni. Ulipodahiliwa ulipewa namba ya usajili, na namba hiyo ni yako mpaka uhitimu. Lakini kila semesta lazima ujisajili upya, ulipe, uchague kozi. Usipojisajili, namba unayo, ila chumba cha mtihani huingii. Kusajiliwa na Baraza ni ile namba. Leseni ni kule kujisajili upya. Ina tarehe ya mwisho, na ili ihuishwe unatakiwa kuonyesha kwamba umeendelea kujifunza: semina, kozi fupi, mafunzo kazini yanayohesabiwa kwa alama. Mtu aliyehitimu zamani na hajafungua kitabu tangu hapo, leseni inambana. Kufanya kazi bila usajili na leseni ni kosa la jinai.

Neno "Tanganyika" katika jina la Baraza siyo la kizamani kwa bahati mbaya. Lina maana kwamba mamlaka yake ni Bara. Zanzibar wana Baraza lao. Ukivuka mpaka mambo yanabadilika tena. Kenya wana sheria mahususi ya wafiziotherapia ya mwaka 2014 na baraza lao wenyewe. Uganda wamewaweka wafiziotherapia chini ya Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi. Uingereza hata jina la kazi linalindwa kisheria, huwezi kujiita mfiziotherapia kama haupo kwenye daftari. Marekani kuna mtihani mmoja wa taifa, halafu kila jimbo linatoa leseni yake. Kwa hiyo wale wenye ndoto za kwenda majuu mjue leseni ya hapa haisafiri kama pasipoti. Huko utaanza kuomba upya, na cha kwanza watakachouliza ni kama ulikuwa umesajiliwa kwenu.

Karatasi nne za ukutani

Yule jamaa aliyemvuta bibi mkono alikuwa na cheti ukutani ofisini kwake. Mjomba aliapa kwamba alikiona, tena kina muhuri. Nilipouliza kimeandikwa nini, akasema "leseni". Baadaye ikajulikana ilikuwa leseni ya biashara.

Hili linafaa kujulikana na kila mtu, awe anataka kusoma fiziotherapia au hataki. Leseni ya biashara inatolewa na halmashauri. Inakuruhusu kufanya biashara, basi. Haisemi kama unajua bega ni nini. Usajili wa kituo cha afya binafsi ni karatasi nyingine, inahusu jengo na huduma zinazotolewa humo, na inasimamiwa na Bodi ya Hospitali Binafsi. Waganga wa tiba asili na tiba mbadala wana baraza lao, kwa sheria ya mwaka 2002, na mwenye cheti hicho anaruhusiwa kufanya yaliyo ndani ya tiba hiyo, siyo kujiita mfiziotherapia. Karatasi ya nne ndiyo leseni ya mtu mwenyewe, yenye jina lake, namba yake, taaluma yake na tarehe ya mwisho, kutoka Baraza.

Mgonjwa ana haki ya kuomba kuiona ile ya nne. Najua kwetu ni vigumu. Umemkaribisha mtu nyumbani, umempa chai, halafu umwambie "naomba leseni yako"? Utaonekana huna adabu. Lakini askari wa barabarani anamwomba dereva leseni kila siku, na dereva hachukii. Mwenye leseni halali hana sababu ya kukasirika.

Kwani yote haya ni ya nini?

Kuna anayesoma hapa akisema hizi ni njia za serikali kukusanya ada tu. Nilikuwa na wazo hilohilo mpaka nilipokuta historia ya Uingereza. Mwaka 1894 magazeti na madaktari kule walikuwa wanapiga kelele kuhusu nyumba za masaji za London, nyingine zikiwa danguro tu lenye kibao cha tiba. Wauguzi wanne waliokuwa wakikanda wagonjwa kwa uaminifu wakaona jina lao linachafuka. Hawakungoja serikali. Walianzisha chama, wakaweka mtihani na kanuni za maadili, na kumtofautisha aliyefundishwa na asiyefundishwa. Chama kile ndicho kilichokua kuwa chama cha wafiziotherapia wa Uingereza. Mwaka 1951 vyama vya nchi mbalimbali vikaungana kuunda shirikisho la dunia, na ndiyo maana Siku ya Fiziotherapia Duniani ni tarehe 8 Septemba.

Kwa hiyo mlango huu ulijengwa kwanza na wenye taaluma wenyewe, kulinda mgonjwa na kulinda jina lao.

Hata sisi wa ualimu tusicheke. Sheria ya mwaka 2018 ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu imeweka kwamba mwalimu naye asajiliwe na awe na leseni. Humu mabwenini nimesikia manung'uniko mengi: tumesoma miaka mitatu, mnataka nini tena? Mimi pia nilinung'unika. Lakini kila nikikumbuka bega la bibi, najiuliza: mwalimu asiyejua kufundisha kusoma, anayepiga mtoto asiyeona vizuri akidhani ni mvivu, naye si anavuta mkono uliopooza? Tofauti ni kwamba mtoto hapigi kelele siku ileile.

Ila leseni peke yake haitoshi

Nisiwadanganye kwamba tatizo ni watu wabaya tu. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao bilioni 2.4 duniani wana hali inayoweza kunufaika na huduma za utengamao, na fiziotherapia ni mojawapo. Linasema pia kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wataalamu wa huduma hizo hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Yule jamaa wa mafuta alikuja kwetu kwa sababu kulikuwa na nafasi wazi, na yeye alifika mlangoni. Mwenye leseni alikuwa mbali, nasi hatukuwa na nauli.

Ndiyo maana sikumwambia mdogo wangu aache ndoto yake. Nilimwambia abadilishe mlango. Makete haina haja ya koti jeupe jingine, inahitaji mtu aliyefundishwa ambaye ataingia nyumba kwa nyumba na kuwafundisha wajukuu kuweka mto chini ya mkono.

Nilimpigia usiku wa tatu. Nikamsomea vigezo vya stashahada, polepole, naye akawa anaandika. Matokeo yake ya kidato cha nne yalikuwa yanatosha kuomba. Akanyamaza.

"Miaka mitatu, dada?"

"Mitatu."

"Na ada?"

Hapo sikuwa na jibu zuri. Bumu langu mnalijua, lina watu wengi. Baba alipoambiwa akasema ile hela ya viazi iliyokuwa iende kule mjini itaanza nayo, mengine tutaona. Dirisha la udahili lilipofunguliwa aliomba vyuo vitatu, vyote nimevikagua kwenye mwongozo, kimoja baada ya kingine. Tunasubiri majibu.

Nilipokwenda likizo nilimkuta bibi ameketi nje kwenye jua, amejifunga blanketi. Anatembea sasa, kwa fimbo. Ule mkono haufiki kichwani, kwa hiyo kilemba anafungwa na mtu. Mdogo wangu alikuwa anamnyoosha vidole kama alivyoelekezwa kliniki, kimoja kimoja, bila kuvuta. Bibi akaniambia, "Huyu ana mkono wa taratibu. Mpelekeni akasome."